Sikio la Madoa

Maksai wetu Madoa alianza kuinamisha kichwa upande wa kushoto Januari ya mwaka 1989, wiki ileile tuliyoanza kuvuruga majaruba. Nilikuwa darasa la tano. Kijiji chetu kiko pembezoni mwa bonde la Usangu, na msimu kama ule nyumba yenye maksai wawili wazima ilikuwa na uhakika wa mpunga wa kula na wa kuuza. Baba alikuwa na hao wawili tu, Madoa na Kifaru, waliozoeana tangu wakiwa ndama. Ukimfunga mmoja wao nira na ng'ombe wa kuazima, plau ilikwenda kombo.

Mwanzoni tulidhani nyuki amemwingia. Alitikisa kichwa, akasimama, akatikisa tena, kisha akaenda kujisugua kwenye nguzo ya zizi mpaka magome yakabanduka. Siku ya tatu ikaja harufu. Ilikuwa kali kiasi kwamba mama alihamishia mafiga upande mwingine wa nyumba. Baba alimkamata Madoa pembe, akaniambia nichungulie, kwa kuwa macho yangu yalikuwa bado mapya. Sikio lilijaa usaha wa rangi ya maziwa yaliyokatika. Nikasema, "Baba, usaha unatembea."

Bwana mifugo alifika kesho yake kwa baiskeli. Alisimama hatua tatu kutoka kwa mnyama, akaziba pua kwa leso, akasema, "Funza hao."

Baba alimjibu kwa adabu. "Bwana mifugo, funza nawajua. Funza ana mwili, unamshika kwa vidole. Hawa ni kama vinyweleo vilivyokatwa."

"Ni funza wadogo, mzee."

Akaacha dawa ya funza, akaandika jambo kwenye daftari lake, akapanda baiskeli. Tulimtia Madoa dawa ile siku kumi na mbili. Wiki ya tatu upande mmoja wa uso wake ulilegea, sikio likaning'inia, majani yakawa yanamdondoka mdomoni kabla hajayatafuna. Akawa anazunguka mahali pamoja kama anayetafuta alipopoteza kitu. Alianguka kando ya mfereji, hakuinuka tena. Baba alikataa nyama yake isiliwe, akachimba shimo na majirani, akamzika. Kifaru aliuzwa mwezi uliofuata. Misimu miwili tulilima kwa maksai wa kukodi, tukilipa kwa magunia.

Kitu kimoja Baba alikisema siku ya kumzika Madoa, nami nikakisahau kwa miaka mingi: kwamba ng'ombe wote aliowaona na ugonjwa ule walikuwa wa kupelekwa joshoni, na kwamba josho linaogesha masikio pia. Hakuna aliyemuuliza zaidi. Alikuwa mkulima, na jina la ugonjwa lilikwisha kuandikwa daftarini.

Nilikuja kuwa fundi sanifu wa maabara. Kwa miaka kumi na saba kazi yangu ilikuwa kutunza na kutambua minyoo wa jenasi iitwayo *Caenorhabditis*, na sikujua hata kidogo kwamba nilikuwa nimeshakutana nao.

Mwalimu aliyenifundisha kazi, mama mtulivu niliyemwita Mama Mwalimu mpaka alipostaafu, alinikalisha mbele ya hadubini siku ya kwanza bila maelezo. Aliweka chini ya lenzi sahani ndogo ya aga, ile jeli ya maabara, iliyopakwa bakteria katikati, akaniambia, "Tazama mpaka uchoke, kisha uniambie umeona nini." Nilitazama karibu saa nzima. Niliona viumbe wa urefu wa milimita moja hivi, waking'aa kama kioo, wakitambaa kwa ubavu na kuchora mawimbi kwenye aga. Kwa jicho tupu ungewadhani ni vumbi lenye haraka. Kwa lenzi unaona kila kitu kilichomo ndani: koromeo lenye vifundo viwili likidunda bila kupumzika, kifundo cha nyuma kikisaga bakteria, utumbo mwembamba ukipita kati, mayai yamejipanga tumboni kama punje za mchele. Nilipomweleza hayo, Mama Mwalimu aliuliza, "Umeona wangapi wana mkia wa upepeo?" Sikuwa nimeona hata mmoja. "Kesho utawatafuta," akasema.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza jinsia ya *Caenorhabditis elegans*, mashuhuri kuliko wote wa ukoo huu. Karibu wote ni huntha. Kila mmoja hutengeneza mbegu za kiume kwanza, akaziweka akiba, kisha akageukia kutengeneza mayai, na kwa akiba ile hujizalisha mwenyewe watoto wapatao 300. Dume hutokea kwa nadra, kama mmoja katika elfu, pale kromosomu moja ya X inapopotea wakati wa kugawanyika kwa seli. Huntha ana X mbili, dume ana moja. Dume ni mwembamba zaidi, na mkia wake umetanuka kama upepeo wenye miale jozi tisa, ambayo humsaidia kupapasa na kutambua anayemwendea. Kumtafuta dume kwenye sahani yenye maelfu ya huntha kunafundisha macho kazi. Nilichukua siku nne kumpata wa kwanza, na furaha niliyoipata siwezi kuilinganisha na cheti chochote nilichopewa baadaye.

Kutoka yai hadi mtu mzima ni kama siku tatu na nusu kwenye joto la nyuzi 20. Anajivua ngozi mara nne. Mwisho huntha anakuwa na seli 959 za mwili, wala haziongezeki wala hazipungui kutoka mnyoo mmoja hadi mwingine, na 302 kati yake ni seli za neva. Katika kukua kwake huzaliwa seli 1,090. 131 hufa, zilezile, kwa wakati uleule, katika kila mnyoo. Tunajua hesabu hii kwa sababu watu walikaa wakatazama. John Sulston, akiwa Cambridge, alifuatilia kugawanyika kwa seli za kiinitete kwa karibu mwaka mmoja na nusu, vipindi viwili kila siku vya saa nne, jicho kwenye hadubini, mkono ukichora. Ramani ya ukoo wa seli zote ilikamilika mwaka 1983. Siku ninapowaona vijana wa maabara wakilalamika kwamba mashine ya kupiga picha ni ya zamani, huwa nawasimulia habari za Sulston na penseli zake.

Aliyemleta mnyoo huyu Cambridge alikuwa Mwafrika Kusini, Sydney Brenner, aliyezaliwa Germiston mwaka 1927, mtoto wa fundi viatu asiyejua kusoma. Mwaka 1963 aliandika barua kueleza kwamba anataka mnyama mdogo kabisa mwenye neva, anayezaana haraka, anayeweza kuchunguzwa seli kwa seli. Makala yake kuu kuhusu jeni za mnyoo huyu ilitoka mwaka 1974. Mwaka 2002 yeye, Sulston na Robert Horvitz walipewa Tuzo ya Nobel, na tuzo nyingine zimefuata kutoka kwa mnyoo huyuhuyu. Mwishoni mwa mwaka 1998 akawa mnyama wa kwanza duniani kusomwa jenomu yake, herufi zipatazo milioni 100.

Mengi yaliyoandikwa kuhusu *elegans* yanaishia hapo, kwenye tuzo. Mimi moyo wangu ulikuwa kwa ndugu zake, na kwa swali ambalo mtu wa nje huliona dogo: huyu ni nani, na tunajuaje?

Nematodi, yaani minyoo mviringo, zilizokwisha kuelezwa na wanasayansi ni zaidi ya spishi 25,000. Wengi tunaowasikia ni wale wanaotuletea maradhi, mchango, safura, matende. Ila kuna umati wa wanaojitegemea, wasiohitaji mwili wa mtu wala mnyama, wanaokula bakteria kwenye uozo. *Caenorhabditis* imo humo, katika oda ya Rhabditida, familia ya Rhabditidae. Jina limetokana na Kigiriki, nalo lina maana ya fimbo mpya. *Elegans* ni Kilatini, mwenye umaridadi. Nilipoelezwa hivyo nilicheka kwa furaha. Mtoto wa wafugaji anaelewa haraka mnyama kuitwa fimbo.

Mnyoo huyu mmoja ameshahamishwa rafu mara kadhaa. Émile Maupas, mkutubi wa Algiers aliyefanya uchunguzi wake nje ya saa za kazi, ndiye aliyemweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1900, kutoka kwenye udongo wa huko, akamwita *Rhabditis elegans*. Yeye ndiye aliyeona kwamba mnyoo aliyetengwa peke yake tangu utotoni bado anazaa. Mwaka 1952 Günther Osche aliona kwamba *elegans* na wenzake wachache wanastahili chumba chao ndani ya *Rhabditis*, akakiita *Caenorhabditis*. Mwaka 1955 Ellsworth Dougherty akakigeuza chumba kuwa nyumba kamili, jenasi yenye jina lake. Waliofanya kazi ile hawakuwa na kipimo cha DNA. Walihesabu miale ya mkia, wakapima koromeo, wakachora umbo la kinywa.

Shida ya jenasi hii ni kwamba kuhesabu miale hakutoshi. Leo zinajulikana spishi zaidi ya 50, na nyingi ukiziweka chini ya lenzi huwezi kuzitenganisha hata ukiwa na uzoefu wa miaka. Hilo nililijifunza kwa kukosea.

Ilikuwa mwaka wangu wa tatu maabara. Nilikuwa nimekwenda likizo, nikarudi na mfuko wa vitu vilivyooza: maembe yaliyodondoka, mabibo, vipande vya mgomba uliokatwa ukaachwa shambani. Namna ya kukusanya ni rahisi. Unaweka kipande cha uozo pembeni mwa sahani ya aga, bakteria upande wa pili, unasubiri. Minyoo hutoka wenyewe kufuata chakula. Kutoka kwenye mgomba walitoka wengi, huntha, wenye koromeo na mkia kama wa *elegans*. Niliwatazama siku mbili. Nikachukua kalamu, nikaandika kwenye kila sahani: *C. elegans*, mgomba, tarehe. Nikaandika na kwenye daftari kuu kwa wino. Nilijivuna.

Mama Mwalimu alizisoma lebo, akaniuliza, "Umewaoza?"

Ndilo neno alilolitumia siku zote, kuoza kwa maana ya kuozesha. Nikamwambia nimewatazama vizuri.

"Mwanangu, hata mimi ukinitazama unaweza kusema ni dada yako. Waoze."

Jaribio lenyewe linahitaji moyo. Unachukua madume wa *elegans* wanaojulikana, unawaweka sahani moja na huntha vijana wasiojulikana, unatumia waya mwembamba wa platini uliopitishwa motoni, ukimwinua mnyoo mmoja mmoja bila kumchubua. Kisha unangoja. Kama ni spishi moja, dume atatoa mbegu, na karibu nusu ya watoto watakuwa madume, kwa kuwa nusu ya mbegu zake hazina X. Kama si spishi moja, huntha ataendelea kujizalisha, na utaona huntha watupu. Siku ya nne nilihesabu. Madume hawakuwepo. Badala yake, kwenye aga yalibaki mayai mengi yasiyoanguliwa, yamekauka, viinitete vimekwama ndani.

Nilirudia mara mbili, nikitumaini nimekosea mkono. Matokeo yalikuwa yaleyale. Mama Mwalimu akatoa kwenye friji sahani nyingine, madume wa *C. briggsae*, spishi iliyopewa jina la Margaret Briggs. Nikawaoza na wale wa mgomba. Siku ya nne sahani ilijaa madume, na watoto wa watoto wao nao wakazaa. Minyoo wangu walikuwa *briggsae*. Nilifuta lebo ishirini na sita. Kwenye daftari, kwa sababu ilikuwa wino, nilichora mstari mmoja juu ya jina la kwanza, nikaandika la pili pembeni, nikatia sahihi. Mstari ule bado upo.

Nilipokuwa nikiuchora nilimkumbuka yule bwana mifugo, kwa mara ya kwanza bila hasira. Yeye alisimama hatua tatu. Mimi nilisimama nyuma ya lenzi nzuri yenye taa. Wote wawili tuliangalia umbo, tukaandika. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na mtu wa kuniuliza kama nimewaoza, na hakuna ng'ombe aliyekufa.

Tangu hapo sikuandika jina bila kungoja. Miaka ile ndiyo spishi za jenasi hii zilikuwa zikigunduliwa kwa kasi, hasa kwa kazi ya Marie-Anne Félix na wenzake huko Ufaransa, waliotembea bustani za matunda na misitu ya tropiki wakiokota uozo. Walipata spishi nyingi kuliko majina, wakawa wanazipa namba tu, na mwaka 2014 wakazipa majina 15 kwa mkupuo. Kanuni yao ilikuwa ileile ya Mama Mwalimu: waoze kwanza, uone kama watoto wao wanazaa, kisha linganisha kipande cha DNA. Iliyokuwa spishi namba 9 ikaitwa *C. nigoni*, kwa heshima ya Victor Nigon wa Lyon. Huyo ni ndugu wa karibu sana wa *briggsae*. Ukiwachanganya, baadhi ya majike chotara huweza kuzaa, ila madume chotara hawazai. Mpaka kati yao upo, lakini hauko kama ukuta. Nimekaa na sahani za hawa wawili jioni nyingi baada ya wenzangu kwenda nyumbani, nikihesabu chotara, na nakiri kuwa sijachoka.

Kuna sahani ambazo zilinihuzunisha. Spishi nyingi za jenasi hii hazina huntha. Zina majike na madume, na madume wao wana mbegu zenye nguvu, zilizozoea ushindani. Ukiwaweka na huntha wa spishi nyingine, mbegu hazikai mahali pake. Hupenya mpaka kwenye ovari, na wakati mwingine nje yake, zikatangatanga mwilini. Huntha anakuwa tasa, mara nyingi anakufa mapema. Jambo hili lilichapishwa mwaka 2014, nasi tuliliona kwenye sahani zetu. Spishi za huntha tunazozijua ni tatu tu, *elegans*, *briggsae* na *tropicalis*, na kila moja iliifikia hali hiyo kwa njia yake, hazikuirithi kwa mzazi mmoja.

Kosa jingine la lebo lilihusu makazi. Kwa miongo mingi vitabu vilimwita *elegans* mnyoo wa udongo, kwa sababu Maupas alimtoa kwenye udongo. Waliokwenda kumtafuta udongoni walipata zaidi lava, yaani minyoo wachanga, waliolala. Nyumbani kwake hasa, pale anapokula na kuzaana, ni tunda lililooza na shina linalolainika. Tunda halidumu. Chakula kikiisha na msongamano ukizidi, watoto huacha njia ya kawaida ya kukua, wakageuka kuwa lava mwembamba mwenye ngozi nene na kinywa kilichozibwa. Wajerumani walimpa jina lenye maana ya kudumu, dauer, na ndilo linalotumika maabara zote. Lava huyu hali kitu kwa miezi. Husimama kwa mkia juu ya chembe ya uchafu, akapunga mwili hewani, akingoja konokono au jongoo apite amdandie. Akifikishwa penye bakteria, huamka, akaendelea na maisha pale alipoyaachia, na siku alizolala hazihesabiwi katika umri wake. Huntha mzazi naye akizeeka bila chakula, mayai huanguliwa tumboni mwake, watoto wakamla kutoka ndani wapate nguvu ya kuondoka. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilifunika hadubini nikatoka nje kidogo.

Ndugu wengine wana makazi ya kushangaza. *C. japonica* huishi na mdudu mmoja wa Japani, akisafiri naye. *C. drosophilae* yumo kwenye uozo wa madungusi makubwa ya Amerika. *C. inopinata*, yaani asiyetarajiwa, alitoka ndani ya tini mwitu za kisiwa cha Ishigaki. Ni ndugu wa karibu kuliko wote wa *elegans*, lakini ana urefu wa karibu mara mbili, na husafirishwa na nyigu wa tini. Afrika Mashariki nayo imo. Mwaka 2008 jarida la Heredity lilichapisha utafiti juu ya *elegans* na *briggsae* waliokusanywa Afrika, na kichwa chake kilianza kwa Kiswahili: Hakuna Nematoda. Nilikibandika ukutani juu ya meza yangu.

Lakini lililonirudisha Usangu lilikuja mwaka 2020. Nilikuwa nikisoma makala mpya kuhusu jenomu ya *Caenorhabditis bovis*, ndogo, karibu herufi milioni 63, iliyotolewa kwa minyoo waliokusanywa Kenya. Nilisoma aya ya kwanza nikidhani ni tunda jingine. Aya ikasema minyoo hao walitoka masikioni mwa ng'ombe zebu. Niliisoma tena. Nikatafuta ya nyuma yake, nikakuta kwamba spishi ile ilielezwa mwaka 1964 na Kreis katika jarida la Uswisi la tiba ya mifugo, kutoka kwenye njia ya nje ya sikio la ng'ombe wenye nundu wa Afrika Mashariki, kwa jina la *Rhabditis bovis*. Rafu ileile aliyoanzia *elegans*. Dalili zilikuwa zimeorodheshwa: usaha wenye harufu mbaya, kutikisa kichwa, kuinamisha upande mmoja, uso kulegea, kupoteza mizani. Nikawa natazama kichwa cha Madoa.

Jina lake lilikuwa limechapishwa miaka 25 kabla Madoa hajaugua.

Kinachoniuma ni kwamba jina sahihi lingebadilisha dawa. Dawa za minyoo zilikuwepo, na kuosha sikio kwa subira kulikuwa ndani ya uwezo wa Baba, ambaye angekaa na maksai wake usiku kucha kama angeambiwa afanye nini. Na neno lake kuhusu josho lilikuwa neno la mtu aliyeangalia. Usaha hudondoka, maji ya josho ni yaleyale kwa kundi zima, kila ng'ombe anazama mpaka masikio. Sina ushahidi wa josho letu. Ila ningekuwa na mtu anayeniletea wazo la namna ile maabara leo, ningeacha kila kitu nikachukue sampuli.

Nilikwenda nyumbani Juni 2021. Niliomba ruhusa kazini, nikabeba hadubini ndogo ya kioo na mwanga wa tochi, pamoja na sahani mbili za *elegans* zilizokwisha bakteria wiki mbili kabla, zimejaa dauer watupu. Basi lilichukua siku nzima. Baba alikuwa amekaa uani, miwani imefungwa kwa uzi, fimbo kando.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Umebeba nini hicho kama cherehani?"

Jioni ile nilimweleza habari ya *bovis*, polepole, nikimchorea kwenye mchanga: huyu shina, hawa matawi, huyu wa maabara yangu, huyu wa sikio. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alikaa kimya kitambo, kisha akauliza, "Kwa hiyo hawakuwa funza."

"Hawakuwa funza, Baba."

"Nilimwambia."

"Ulimwambia. Nilikuwepo."

Kabla ya kulala nilidondoshea sahani zile bakteria kutoka kwenye kichupa. Asubuhi lava walikuwa wameamka, makoromeo yanadunda, wengine wameshaanza kunenepa. Niliweka hadubini juu ya kinu kilichopinduliwa, nikaelekeza mwanga, nikamshika Baba bega ainame. Alihangaika kidogo na miwani, akaivua, akaona. Mikono yake ilishika kingo za kinu.

"Anakula," akasema.

"Ndiyo. Hapo mbele ni kinywa."

"Na ndugu yake yule wa Madoa, naye yuko hivi?"

"Kwa umbo wanakaribiana sana."

Hakuinua kichwa. Aliita wajukuu waje kwa zamu, lakini zamu yake mwenyewe hakuiachia mpaka jua lilipofika juu ya mwembe, na kila mara alipodhani nimeondoka alikuwa akiwahesabu kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa akihesabu ng'ombe wakiingia zizini.